Michoro Niliyoiita Kupura

Jumatatu jioni, mwezi wa pili. Kikuyu, Dodoma.

Jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mtu. Mchana mawingu yalikuja, yakasimama juu ya mji, tukafurahi, yakaenda zake upande wa Kondoa bila kudondosha hata tone. Nyumba inanuka vitunguu na dawa ya kuchua. Mdogo wangu Loyce yuko jikoni anapika. Nimemkataza, amekataa kukatazwa. Mimi nimekaa hapa barazani na simu, naandika, kwa sababu nisipoipa mikono yangu kazi nitavunja kitu.

Nimeshavunja. Nimevunja mkono wa mtu.

Haya, nimesema. Sasa ngoja nieleze kwa utaratibu, maana hasira yangu ina tabia ya kuanzia habari mwishoni.

Wanaonisoma humu siku zote wanajua kazi yangu, ila kwa mgeni: kuna kampuni ng'ambo inayotengeneza vichipu vya kutambua mwendo, vile vidude vidogo vinavyokaa ndani ya simu na saa za mkononi. Ndivyo vinavyojua umeigeuza simu, umetembea, umeanguka. Nikisema "sensa" huku kwetu watu wanauliza kama tunahesabiwa tena, kwa hiyo nasema kidude. Na hicho kidude kilijifunzia kwa watu wa kwao, wanaokimbia asubuhi kwa kupenda tu na kucheza tenisi. Mama yangu alipokivaa mara ya kwanza akatwanga uwele, kikampongeza kwa kuogelea. Mama yangu, jamani, ambaye hajawahi kuona maji yanayozidi pipa!

Ndiyo maana wakafungua ofisi hapa Kikuyu, vyumba viwili na feni moja. Tunawavalisha watu vimkanda vyeusi mkononi, wanaendelea na shughuli zao, na mwendo wa mkono unatufikia kupitia simu zao ukiwa mchoro wa kupanda na kushuka. Mimi naangalia mchoro nabandika jina. Kutwanga. Kulima. Kuchota maji. Kupepeta. Kidude kinajifunza kutoka kwenye majina yangu. Salum, ambaye tuko naye ofisini, anahakiki. Yeye ni mtoto wa mjini, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki, na jembe analijua kwa kuliona dukani.

Katika majina yote, la kupura ndilo langu. Nimekua nalo. Kwetu, upande wa Kongwa, uwele ukishavunwa na kukauka mashuke yanamwagwa uwanjani, pombe inapikwa, watu wanaitwa, na kila mtu anakuja na fimbo yake. Mnapiga kwa pamoja mkiimba, mnasimama, mnageuza mashuke, mnapiga tena mpaka punje zote zimetoka. Nikiuona mchoro wa kupura bega langu lenyewe linaitika. Nilikuwa najivunia hilo mpaka wiki iliyopita.

Mwezi uliopita iliingia michoro ya namna hiyo kutoka kimkanda kimoja, mara moja, kisha tena, kisha tena. Mkono unapanda, unashuka kwa nguvu, unapanda, unashuka. Sikufikiria mara mbili. Kupura, kupura, kupura. Nikaenda kula.

Ijumaa Salum akafika kwenye ile michoro. Ni mtani wangu, Mnyamwezi, na utani hauachi hata nikiumwa.

"Hivi nyie Wagogo," akasema, "mnapura mwezi wa kwanza? Uwele wenyewe uko magotini. Au siku hizi mnapura upepo?"

Nikamjibu kwamba mtu ambaye babu yake alikuwa mpagazi asitufundishe kilimo. Tukacheka. Nikavuta kiti karibu na kompyuta yake nimwoneshe kosa liko wapi, na nikiwa bado nacheka nikaona namba ya kimkanda.

Michoro inakuja na namba tu, haina majina ya watu. Lakini namba ile naijua. Nilikifunga kimkanda kile kwa mikono yangu kwenye mkono wa kulia wa shemeji yangu Yona, mume wa Loyce.

Nikaangalia tena, safari hii nikiwa sina njaa wala haraka. Mtu anayepura anapumzika ili ageuze. Huyu hageuzi. Anayepura anafuata wimbo, mapigo yanalingana. Huyu anapiga, anasimama kama mtu anayeongea, anapiga mawili ya haraka, anasogea hatua, anapiga. Anachokipiga kilikuwa kinasogea.

Mashuke ya uwele hayakimbii.

Nilikimbilia chooni nikajifungia. Salum alisimama nje ya mlango akiuliza kama nimekula kitu kibaya.

Nimweleze huyu Yona, ili mwone nilivyokuwa mjinga. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani kwao Kongwa ndiye anayefundisha kwaya. Anaongea kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Hanywi. Ukifika kwake anakuletea maji ya kunawa yeye mwenyewe na kukushikia beseni. Wanawake wa ukoo wetu wakigombana na waume zao wanawaambia, "Nenda kajifunze kwa Yona!" Mimi ndiye niliyemkutanisha na mdogo wangu. Nilicheza kwenye ile harusi mpaka kiatu kikakatika mkanda.

Nilipowapelekea kimkanda, kabla ya mvua kuanza, tulikaa tukala ugali na mlenda, nami nikaanza kujitapa. Hiki, nikawaambia, kinajua mkono unafanya nini. Ukitwanga kinajua, ukilima kinajua. Loyce akaacha kula. Akauliza, "Kinajua kila kitu?" Nikasema kila kitu. "Na anayesoma ni nani?" Nikajipiga kifua: "Dada yako mwenyewe!" Yona akacheka, akanyoosha mkono nimvalishe. Niliona Loyce ananitazama sana, nikadhani anajivunia dada yake.

Baada ya Krismasi simu ya Loyce "ikaharibika". Nikimtafuta nampigia Yona, na Yona ananijibu kwa upole wake kwamba Loyce yuko shambani, Loyce amelala, Loyce anakusalimia sana. Nami nikapokea salamu! Nikiandika hili natamani kujizaba kofi.

Ijumaa ile sikumpigia Yona. Niliogopa kwamba nikisema neno moja kwenye simu, atakayelilipia ni Loyce kabla sijafika.

Jumamosi nilipanda gari la kwanza mpaka Mbande, nikachukua bodaboda kuingia Kongwa. Dereva alijaribu kunisimulia habari za mpira, nikamjibu vibaya, maskini, hakunikosea kitu. Njia nzima nilikuwa namuua Yona. Nilimuua kwa jiwe, nikamfufua nikamuua kwa kisu, nikamfufua tena nikamkaba kwa mikono yangu huku anaimba sauti ya tatu. Kama mchungaji wangu anasoma humu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa kichwani, na nilikuwa naona raha.

Loyce alikuwa uani anachambua mboga, amevaa sweta la mikono mirefu kwenye jua lile la kukaanga mayai.

"Shikamoo dada," akasema, bila kusimama.

Loyce huwa anasimama. Loyce huwa ananirukia shingoni mpaka nayumba. Nikaitika marahaba, nikapiga magoti mbele yake, nikashika zipu ya sweta nikaishusha. Hakunizuia.

Sitaandika yote niliyoyaona, mwili ni wake. Ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba, na alikuwa anahema kwa nusu. Mikononi kulikuwa na michirizi mirefu, mipya juu ya ya zamani, pale mtu anapoweka mikono ili kichwa kisiguswe. Bega moja lilikuwa jeusi lote.

Nilitegemea aniambie alianguka. Nilikuwa nimeshajiandaa kumkatalia.

Aliniangalia akaniuliza, "Umesoma?"

Nikakaa chini mchangani.

"Kila akikivua nilimkumbusha akivae," akasema. "Nilimwambia dada ataharibikiwa na kazi. Nilikuwa nakichaji mimi mwenyewe. Nilijua unasoma, dada, nikawa nasubiri uje. Ulipokuwa huji nikasema labda hivyo vitu vinachelewa kufika."

Jamani. Mtu amenyang'anywa simu, anapigwa, na kila anapopigwa anajipa moyo kwamba sasa dada ameona. Anajikunja chini anasema moyoni, hii nayo imeenda. Na dada yuko Dodoma chini ya feni, amebandika neno kupura, amekwenda kula wali maharage.

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia, "Nilidhani ni kupura."

Loyce akanyoosha kidole kuelekea mlango wa jikoni, kwa ndani. Nyuma ya mlango ilikuwa imesimama fimbo ya kupuria. Ilikuwa ya marehemu baba, aliichonga mwenyewe, na Loyce alipoolewa mama alimpa aende nayo. Miezi hii fimbo za kupuria za watu wote ziko darini zinasubiri mavuno. Hii ilikuwa chini, na pale pa kushikia pameng'aa.

"Hukukosea sana," Loyce akasema.

Nikaichukua. Nilitaka kuivunja vipande, iwe kuni. Naapa hilo ndilo nililotaka.

Ndipo Yona akaingia kutoka mazoezi ya kwaya, ana soda mkononi, kwa sababu majirani walikuwa wameshamwambia njiani kwamba kwake kuna mgeni.

"Karibu shemeji! Mbona hukutoa taarifa tukachinja hata kuku?"

Kimkanda cheusi kilikuwa mkononi mwake. Akaona sweta la mke wake liko wazi. Akaona nilichoshika. Hakupandisha sauti wala hakushtuka.

"Shemeji," akasema, "hayo ni mambo ya ndani. Na hiyo fimbo inakaa nyuma ya mlango."

Nikampiga.

La kwanza lilimpata mkono, ule ule wa kulia, nikasikia mfupa ukikatika kama muwa unapovunjwa gotini. Soda ikaruka ikapasukia ukutani. La pili lilikwenda begani. Baada ya hapo sijui. Alianguka akajikunja, nikamfuata. Akatambaa kuelekea mlangoni, nikamfuata. Nilimpiga mgongoni, nilimpiga mapajani, nilimpiga popote fimbo ilipoangukia, nikimwambia maneno ambayo mimi siyakumbuki. Majirani wanasema nilikuwa nataja kazi. "Twanga! Lima! Pura! Leo utapura!" Damu ilimtoka puani, ikaingia mchangani, ikanirukia kiatuni. Alikuwa analia kwa sauti yake ile ile ya chini, na hilo likanizidishia hasira.

Sitaki kudanganya humu ndani. Nilifurahi. Furaha ilikuwa begani, ile ile ya uwanjani wakati wa mavuno mkono unapokuwa umezoea na wimbo umekolea. Niliona naweza kuendelea mpaka jua lizame.

Loyce alinikumbatia kwa nyuma, na ubavu wake ule. "Dada basi! Dada, utamuua!" Fimbo nilikuwa nimeshaiinua. Nilipoivuta nyuma, ncha ya upande wa pili ilimpata mdomoni. Nilisikia ikigonga meno.

Na bado, Mungu ananiona, pigo lile nililishusha mpaka chini ndipo nikageuka.

Majirani waliruka ukuta wakaninyang'anya fimbo. Wanaume wawili walinishika, na mmoja wao ni mtu anayenipa shikamoo. Loyce alikuwa amekaa chini anatema damu kwenye kiganja na kuiangalia. Mwenyekiti wa kitongoji akaja, akatafuta gari, tukapelekwa polisi wote, maana ukiumizwa na mtu unaanzia pale kuchukua fomu ya PF3 ndipo hospitali ikuguse. Loyce alichukua fomu ya kipigo cha mume wake. Yona akachukua fomu ya kipigo changu. Tulikaa benchi moja, watu watatu wa familia moja, Loyce katikati na kitambaa mdomoni.

Kwenye dawati la jinsia kulikuwa na afande wa kike, mtu mzima, mwenye subira. Alimwandika Loyce maelezo yote taratibu. Mwisho akamgusa kidevu. "Na huu mdomo ni wa leo. Nani?"

Loyce hakunitazama. "Mume wangu," akasema.

Nami nikanyamaza.

Afande akanigeukia akauliza kama kuna ushahidi mwingine, kwa sababu mume amekataa yote, anasema mke wake ni mgonjwa wa kuanguka. Nikamweleza habari ya kidude. Nilidhani atacheka. Akasema, "Alhamisi njoo nacho, na michoro yake yote, tuione. Na ujue wewe mwenyewe una la kujibu." Mwenyekiti akanidhamini nikaachiwa. Yona alilazwa akafungwa mkono. Loyce ana ubavu uliovunjika. Walimruhusu, nikaja naye huku jioni ile ile, tumekaa viti vya mbele, kila gari likiruka tuta ananishika goti.

Jana, Jumapili, ndiyo ilikuwa siku ya simu. Wanakwaya walipata namba yangu, sijui kwa nani. Mama mmoja aliniuliza, baada ya Bwana asifiwe, Pasaka nani ataongoza kwaya kwa mkono uliovunjwa. Nikamwambia aongoze kwa mguu. Mwanaume mmoja akasema nikikanyaga tena Kongwa watanivunja taya. Nikamwambia nakuja Alhamisi, achague taya ya upande gani. Loyce alikuwa anasikia, akaniomba nizime simu. Nilizima.

Kabla ya kuzima nilimpigia mama. Nilitegemea alie, au amlaani Yona kwa Kigogo, maana mama akilaani kwa Kigogo hata mbuzi wanasimama. Akaniuliza kwanza, fimbo gani? Nikamwambia.

"Ile ya baba yenu?"

"Ndiyo, mama."

"Ile fimbo imewalisha nyie," akasema. "Yona ameinajisi. Na wewe ukaiokota, ukaendelea pale alipoishia."

Akakata simu. Nilimkasirikia sana. Mwanao anapigwa karibu kufa na wewe unalilia mti! Mpaka sasa bado nimemkasirikia kidogo.

Leo asubuhi nimekwenda kazini kwa sababu michoro ya Yona iko kazini. Salum nilimsimulia yote kwa simu, na leo hakunitania. Hilo peke yake liliniogopesha. Alinipikia chai, akaweka sukari nyingi kupita kiasi, akakaa.

"Nyemo," akasema, "ya kwako imeingia."

Sikumwelewa. Akaniangalia mkononi. Wafanyakazi wote tunavaa vimkanda, ndiyo masharti ya kazi, na ukikivaa wiki moja unakisahau kabisa. Nilikuwa nimekivaa Jumamosi. Ninacho hata sasa hivi naandika.

"Sijaigusa," Salum akasema. "Ya Yona ibadilishe jina. Hii ifute. Nani atajua?"

Nikaifungua. Nikaiweka yake juu na yangu chini kwenye kioo kimoja. Mkono unapanda, unashuka. Anapiga, anasogea, anapiga. Na mimi napiga, nasogea, napiga. Hageuzi mashuke, na mimi sigeuzi. Ningefunika namba kwa kidole nisingejua upi ni wa nani, ila kwa jambo moja: wake una vituo, pale anaposimama kuongea, na wangu hauna. Mimi sikusimama hata kidogo.

Karibu na mwisho kuna mmoja mfupi, unaorudi nyuma, umedunda kidogo kama gari likipita kwenye tuta. Huo ni mdomo wa Loyce. Baada yake kuna mwingine mrefu unaoshuka mpaka chini.

Nilifikiria kufuta, tena nilifikiria vizuri. Wakili yeyote ataniuliza: wewe dada mtu, kwa maandishi yako uliita kupura, leo unaita kipigo, tukuamini kwa lipi? Na Loyce ameshasema mdomo ni wa Yona. Nikiufuta wangu kila kitu kinakaa vizuri. Yona anabeba yote, na kusema kweli mabega anayo, abebe! Ninamchukia. Nikisikia kwaya yoyote ikiimba nitamchukia upya. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na Salum alikuwa ameangalia pembeni makusudi.

Lakini niliukodolea macho ule mfupi, nikajua siwezi. Nikiufuta nimempiga Loyce halafu nimemwambia hakupigwa. Hivyo ndivyo Yona alivyokuwa anafanya kila wiki.

Nikatafuta jina la kubandika. Kampuni ina orodha ndefu ya majina. Kuna tenisi. Kuna kupiga makofi, kuna kupiga mswaki, kuna kucheza na mbwa. Kumpiga mtu hakuna. Basi nikaliongeza mimi, kwa Kiswahili, herufi kubwa: KUMPIGA MTU. Mashine ikauliza nina uhakika. Nikasema ndiyo, ushenzi wako, ndiyo.

Nikalibandika kwanza kwenye wangu. Kisha nikafungua michoro ya Yona, mmoja baada ya mwingine, nikaondoa kupura, nikabandika lile lile. Salum akaja akasimama nyuma yangu, akaisoma yote, akasema "Haya," akahakiki.

Alhamisi nitaipeleka yote kwa afande, wangu ukiwa juu. Nitamwambia mdomo ulikuwa wangu. Wakinifungulia kesi nitajibu kesi. Yona na mkono wake atajibu ya kwake, na nitakaa pale mpaka ajibu.

Ila kwanza ilibidi nimwambie Loyce, maana ni yeye aliyenisitiri mbele ya polisi, na mimi nataka kuufumua uongo wake bila kumuuliza. Nikaingia jikoni jioni hii kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anasonga ugali, na mlenda uko tayari pembeni, maana mdomo wake haupokei kitu kigumu. Nikasimama, nikakosa pa kuanzia. Nikaonja mlenda, nikasema haujakolea chumvi.

Kopo la chumvi linakaa rafu ya juu, juu ya kichwa chake. Nikainua mkono wa kulia nilichukue.

Loyce akajikunja. Mwiko ukaanguka, mikono yote miwili ikaenda kichwani, macho ameyafumba kabisa. Mimi! Mimi niliyembeba mgongoni, niliyemtafunia karanga akiwa hana meno!

Tulibaki hivyo, mkono wangu uko juu, yake iko kichwani. Kisha akafumbua macho, akacheka kidogo kwa upande wa mdomo usiouma.

"Samahani dada," akasema, "ni mazoea," akaokota mwiko akaufuta kwa khanga.

Ndipo nikatoka kuja kukaa hapa barazani. Chumvi sikuichukua.

Sasa ananiita, chakula tayari. Nitaingia mikono ikiwa chini. Nitakaa sakafuni, chini kuliko kigoda chake, nimwambie habari ya Alhamisi, na akinikasirikia nitamsikiliza mpaka amalize. Na kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, lile kopo la chumvi nalishusha, na sukari, na majani ya chai, na kila kilicho kwenye rafu ile ya juu, vyote vikae mezani, mahali ambapo mtu anavichukua bila kuinua mkono.